Swali la Mama Kidoti

Jioni ile mtoto alipunga mkono mara moja tu, akageuka, akawafuata wenzake. Mama yake alibaki ukingoni mwa korongo, mkono ungali hewani, kama mtu aliyesimamisha gari likampita. Akaushusha taratibu, akajifanya anakaza kitambaa cha kichwa, maana upande huu kulikuwa na wanawake wanaofua na hakutaka waone.

Mtoto aliitwa Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni, na mama yake akaitwa Mama Kidoti hata na watu waliomjua kabla hajazaa. Mvua kubwa ilipobeba daraja la mbao, nyumba yao ilibaki huku na shule ikabaki kule. Njia iliyosalia ilikuwa ya kuzunguka kwa barabara kuu, penye malori, mwendo ambao mtoto wa darasa la tatu asingeuweza kwa miguu, na nauli ya kila siku wasingeiweza wao. Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa muuguzi na alikaa jirani na shule. Akamchukua mtoto kwa muda tu, mpaka daraja lijengwe. Hayo ndiyo maneno yaliyotumika.

Basi Jumamosi mtoto alirudishwa nyumbani, na siku za shule, jioni, mama alishuka hadi ukingoni. Mtoto alikuja ukingo wa pili wakapigiana kelele juu ya maji machafu: umekula, umeoga, mwalimu kasema nini. Lakini Jumamosi zilikuwa zimeanza kuruka. Mara kuna kipindi cha ziada, mara nguo hazijakauka. Na majuzi Kidoti alikuwa amemwambia, akitazama chini, asiite kwa sauti kubwa namna ile, wenzake wanamcheka.

Mama Kidoti alipanda kurudi nyumbani polepole, akihesabu sababu za mtoto kuwa na haraka siku ile. Aliipata moja nzuri, akaishika njia nzima.

*

Baraza la nyumba yao lilikuwa na kazi mbili. Upande mmoja kilikaa kigoda chake cha kusukia na kioo kilichoegemezwa ukutani. Upande wa pili ilikuwa karakana ya mumewe, fundi makochi, na siku hizo ilijaa viti: viti vya ofisini, vizito, vya mbao nzuri, vilivyovuliwa vitambaa vya zamani na kusubiri sponji mpya. Kitambaa chenyewe kilikuwa chekundu cha rangi ya damu ya mzee, na Mama Kidoti alimsaidia kukikata na kukishona pembeni. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata mumewe. Aliyemletea alikuwa diwani mwenyewe.

Mtaani mume huyu hakuitwa tena Fundi. Tangu wamchague aliitwa Mwenyekiti, na jina lilimkaa kama koti la kuazima, kwanza kwa aibu, baadaye akalizoea mpaka akaanza kulitumia hata kwenye simu na mama yake mzazi. Alichaguliwa kwa ajili ya daraja. Alisimama juu ya stuli akawaambia watu kwamba hela zimeshatengwa, kinachotakiwa ni mtu wa kuzifuatilia, na yeye ana mtoto ng'ambo. Watu walimpigia makofi. Mkewe, aliyekuwa nyuma kabisa, alilia.

Jumapili shangazi mtu alikuja, amemshika Kidoti mkono. Alikaa kwenye kimoja cha vile viti vyekundu, cha kwanza kumalizika, akakisifia. Halafu akasema kilichomleta.

"Wifi, sikuja kukunyang'anya mtoto. Nisikilize kwanza. Nimehamishwa. Muhula ukiisha naondoka, naenda mbali, hospitali kubwa, wananipa na nyumba. Nimekuja kuuliza, niende naye au nimwache."

Mama Kidoti alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akibandua gundi iliyokauka kwenye kucha.

Shangazi aliendelea kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Alieleza kwamba huko kuna shule ukivuka barabara tu, kwamba mtoto ameanza kusoma vizuri, kwamba yeye hakujaliwa na angemlea kama wake. Hakusema kwamba huku hakuna njia ya kwenda shule. Hakuhitaji. Kidoti, aliyechoka kusikiliza wakubwa, alitaka kutoka nje kucheza. Alisimama kati ya wanawake wale wawili, akainua macho, akamwomba ruhusa shangazi.

"Nenda," alisema shangazi, kisha akashtuka, akamtazama wifi yake. Mama Kidoti alikuwa ameshainama kuokota pini isiyokuwepo.

Walipoondoka alimuuliza mumewe daraja litajengwa lini. Akajibiwa kwamba linafuatiliwa. Akauliza linafuatiliwa na nani, limefika wapi. Mumewe akachukua nyundo, akaiweka.

"Mama Kidoti, mambo ya ofisi yana mahali pake."

"Nakuuliza nijue la kumjibu dada yako. Kama muhula ujao kuna daraja, mtoto anarudi hapa. Kama hakuna, anakwenda. Ni hilo tu."

"Labda ni vizuri aende," alisema, bila kumtazama. "Kwa faida yake."

Mama Kidoti alirudi kwenye kigoda chake. Kwa miaka yote ya ndoa yao huyu mwanamume alikuwa akimweleza mambo mpaka anasinzia: jinsi springi inavyofungwa, kwa nini mteja fulani hana haya. Alikumbuka sauti ile. Aliitamani, hata ile sehemu yake iliyokuwa ikimchosha.

*

Jumatatu alivaa gauni la kutokea, akaenda ofisi ya mtaa. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na benchi nje. Karani, msichana aliyekuja kwake kusukwa kila mwezi, alimwona akapigwa na butwaa.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo nyumbani?"

"Marahaba. Hakuna. Nimekuja kumwona mwenyekiti."

"Mwenyekiti si mumeo? Hukumwona asubuhi?"

"Nilimwona. Hakuwa mwenyekiti."

Karani hakujua acheke au la. Akamwelekeza kwenye benchi. Alikaa kati ya mzee aliyekuja kwa ajili ya barua ya utambulisho na kijana aliyeibiwa baiskeli. Aliona mumewe akipita ndani, akimwona, akigeuza uso. Aliwaona watu waliokuja nyuma yake wakiitwa mbele yake. Jirani yao mmoja aliyepita njiani alimsalimu, akasimama, akamtazama kwa huruma ya mtu anayekisia ugomvi wa ndoa. Mchana ukaingia. Alipoitwa hatimaye, mumewe alikuwa amekaa nyuma ya meza, mikono juu ya daftari lililofungwa, na akamkaribisha kiti kama mtu asiyemfahamu. Hilo halikumkera. Alikuwa amelitegemea, na yeye pia alikaa kama asiyemfahamu. Akauliza lile lile.

Mwenyekiti alijibu kwa sauti ya kazi kwamba masuala ya fedha za miradi huulizwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa, mbele ya wananchi wote, na siyo chumbani kwa mtu.

"Mkutano ni lini?"

Alikohoa. Mkutano ulipaswa kuwa umeshafanyika mara kadhaa. Tangazo lilibandikwa, watu hawakuja, na wasipotimia mkutano huahirishwa. Ndivyo ilivyo. Watu wenyewe hawana habari na mambo yao.

"Wakija?"

"Hawaji."

"Nauliza, wakija, utajibu?"

Alilifungua daftari, akalifunga tena, na hapo mkewe aliona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. Alidhani mumewe amekuwa na kiburi. Kiburi angekiweza.

"Nitaitisha," alisema. "Waje kwanza."

*

Msusi ana faida moja, kichwa cha mtu kikishakuwa mikononi mwake hakina pa kwenda. Mama Kidoti alianza na wateja wake. Aliwaambia mkutano unaitishwa, na kwamba anaomba waje, hata kama hawatasema neno, waje tu wakae watimie. Wengine waliitikia kwa sababu maumivu ya kusukwa hayaruhusu ubishi. Wengine walimuuliza kama ametumwa na mumewe kujaza uwanja. Mmoja alimwambia wazi kwamba anamtafutia mumewe kura za udiwani, na akalipa nusu.

Baada ya kazi alipita nyumba kwa nyumba. Fundi baiskeli alimwambia mikutano ni ya wenye nafasi. Mama muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, ambaye watoto wa mtaa mzima walimwogopa, alisema aliwahi kwenda, na alichoombwa kufanya huko ni kupiga makofi, na makofi anaweza kuyapiga nyumbani kwake akiua mbu. Mzee mmoja mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta.

"Binti yangu, wewe si unalala naye? Muulize huko huko, utuletee majibu."

Alicheka naye, kwa sababu mzee hakuwa na nia mbaya. Lakini aliporudi njiani alisimama kidogo mahali pasipo na mtu, akakaza kitambaa cha kichwa, kisha akaendelea.

Kilichomshangaza ni kwamba kila nyumba ilikuwa na korongo lake. Mwanamke mmoja alikuwa ameacha kazi ya usafi katika hoteli ya ng'ambo kwa sababu nauli ilizidi mshahara. Kijana mmoja alikuwa na mchumba upande wa pili na alisema wanaachana polepole, si kwa ugomvi, kwa umbali tu. Muuza mkaa alikuwa na kaburi la mumewe kule, na hakuwa amelifyeka tangu mvua zile. Hili alilisema mwishoni kabisa, Mama Kidoti akiwa ameshaaga, na akalisema akipanga magunia, amempa mgongo.

"Haya, nitakuja," aliongeza. "Makofi sipigi."

*

Mkutano ulifanyika alasiri kwenye uwanja wa mpira. Watu walikuja na stuli zao, ndoo zao za kukalia, wengine wakasimama. Hawakuwa wengi mno, lakini karani alipohesabu alirudia mara ya pili, kisha akamwinamia mwenyekiti sikioni. Walikuwa wametimia. Diwani naye alikuja, amepata habari, shati limenyooshwa vizuri, akawasalimu watu kwa majina ya kazi zao na kuwapongeza kwa mwamko.

Waliongea kuhusu takataka. Waliongea kuhusu ulinzi. Mwenyekiti alivuta mambo hayo kama mtu anayevuta kitambaa kisichotosha kiti, huku na huku, lakini mwisho mengineyo yalifika, na mkono wa mkewe ulikuwa juu. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hapakuwa na mkono mwingine.

"Jitambulishe, mama, kwa faida ya wajumbe."

Uwanja ulicheka. Alisubiri kicheko kiishe.

"Mimi ni mkazi wa mtaa huu. Nasuka nywele. Nina mtoto mmoja, anasoma ng'ambo, na anaishi ng'ambo kwa sababu hakuna daraja. Mwenyekiti, tulipokuchagua ulituambia hela za daraja zimetengwa. Naomba kujua, zilikuja au hazikuja? Kama zilikuja, ziko wapi?"

Akakaa.

Mwenyekiti hakusimama. Diwani ndiye aliyesimama, kwa tabasamu, akaeleza kuhusu mchakato, kuhusu vipaumbele, kuhusu serikali kuwa sikivu na wananchi kuwa wavumilivu. Aliongea vizuri. Alipomaliza alimshukuru mama kwa swali zuri na kuomba swali linalofuata.

Muuza mkaa aliinuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti.

"Mimi swali langu ni hilo la msusi."

Diwani alisema hilo limeshajibiwa. Fundi baiskeli akanyoosha mkono, akapewa nafasi, akasema yeye pia alikuwa na la kuuliza, nalo ni hilo hilo. Yule aliyeacha kazi ya hotelini akasimama. Yule kijana mwenye mchumba akasimama. Mzee wa duka alisimama, akavua kofia, akasema alikuwa amemshauri mama huyu aulize nyumbani, na sasa anaona kumbe alikosea, basi na yeye anauliza. Hakuna aliyepaza sauti. Mtu mmoja aliyechelewa, akiwa bado na chepeo begani, alisema hajui kimeulizwa nini, lakini kama hakijajibiwa na yeye anauliza hicho. Watu walicheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine, na diwani alikisikia. Alikaa.

Ndipo Fundi, baba yake Kidoti, akasimama. Alishika ukingo wa meza kwa vidole vyake vyenye gundi.

"Zilikuja," alisema.

Akaanza kukaa, kama mtu aliyedhani hilo litatosha, kisha akasimama tena.

"Zilikuja zote. Ukumbi wa halmashauri ulikuwa unavuja, na fenicha zake zimechoka. Nikaambiwa daraja lisubiri mwaka mwingine, mtaa ukubali. Nikakubali kwa niaba yenu. Sikuwauliza. Niliahidiwa kwamba nitakumbukwa. Na vile viti vyekundu vilivyoko barazani kwangu, mlivyovipita wakati wa kuja hapa, ndivyo hivyo. Hizo ndizo hela za daraja. Nimelipwa sehemu yake kwa ufundi."

Mama Kidoti alitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameshona pindo la vitambaa vile kwa uangalifu mkubwa, sindano baada ya sindano, akiimba. Alikuwa amenunua sabuni kwa hela ile, na viatu vya shule.

Kulikuwa na minong'ono, kisha matusi mawili matatu kutoka nyuma. Mwenyekiti akasema yuko tayari kuacha kiti, leo leo. Muuza mkaa, aliyekuwa bado hajakaa kwa kuogopa kazi ya kuinuka tena, alimtazama kwa muda.

"Ukiondoka tutamuuliza nani?" alisema. "Kaa hapo hapo ujibu."

*

Nyumbani walikaa kwenye mkeka, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa kwenye viti. Chai ilipoa.

"Ungeniuliza nyumbani," alisema mumewe.

"Nilikuuliza nyumbani."

Alikubali kwa kichwa. Baadaye alianza kusema. Alisema jinsi ilivyoanza na kikombe cha chai katika ofisi ya diwani, jinsi alivyojiambia kwamba ukumbi ni jambo moja na kazi ya viti ni jambo jingine, jinsi alivyokuwa akipita njia ya nyuma ili asione korongo. Alisema mengi, yakiwemo yasiyo ya lazima. Mkewe alimsikiliza akiwa amelala ubavu, ana hasira kiasi kwamba hangeweza kumshika mkono, na wakati huo huo amefurahi kuisikia sauti ile, hata akachelea asije akaikatiza kwa kupumua.

*

Kikao cha halmashauri kilikuwa wazi kwa wananchi, jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Mlinzi wa getini naye hakulijua, na aliwaweka juani mpaka mtu akatoka ndani kumthibitishia. Walikwenda kikundi, mwenyekiti wao akiwa nao. Hawakupewa pa kukaa. Walisimama nyuma ya ukumbi ukutani, wakitazama migongo ya madiwani ikiegemea kitambaa chekundu cha vile viti vilivyokwisha kupelekwa, na muuza mkaa alisema kwa sauti isiyokuwa ndogo sana kwamba daraja lao ni laini.

Mwenyekiti alipoitwa kueleza, alieleza alichoeleza uwanjani. Diwani hakumsalimu tena tangu siku hiyo. Kazi iliyobaki ya viti alipewa fundi mwingine.

Hela hazikurudi siku ile, wala kikao kilichofuata. Waliambiwa waandike, wakaandika. Waliambiwa wasubiri bajeti, wakasubiri, lakini wakati wa kusubiri walikuwa wakienda kila kikao na kusimama pale ukutani, kwa zamu, kila mara watu walewale na wapya kidogo, mpaka mlinzi akawazoea na kuwaletea benchi. Mwishowe daraja liliingizwa tena kwenye mpango. Mafundi walikuja, wakachimba, wakapotea, wakafuatwa, wakarudi.

Lakini muhula haukuwa na bajeti ya kusubiri. Uliisha kwa siku yake.

Mama Kidoti ndiye aliyefanya uamuzi. Mumewe alimwachia, akisema yeye amepoteza haki ya kuamua, na hilo lilimuudhi zaidi kuliko kama angemwamuru. Alimfungia mtoto nguo zake. Alimsuka mistari midogo sana, inayokaa muda mrefu kichwani, na akaisuka taratibu kuliko alivyowahi kumsukia mteja yeyote, akaufumua mmoja uliokwisha kukaa sawa ili aurudie. Kidoti alilalamika kwamba anaumia. Shangazi alisubiri nje na taksi, hakuharakisha mtu. Alipomuaga wifi yake alimbana tu mabega.

*

Daraja lilipoisha lilikuwa la zege, lenye vyuma pembeni, na fupi. Hilo ndilo lililomshangaza Mama Kidoti: lilikuwa fupi. Unaanza kulivuka ukiwa na wazo kichwani na kabla hujalimaliza wazo umeshafika. Asubuhi watoto wa watu walilipita kwa kelele, mashati yametoka nje ya sketi na kaptula. Yule kijana alimwoa mchumba wake. Muuza mkaa alikwenda na jembe, akarudi jioni. Watu walimwita msusi "Mama Daraja" kwa utani na heshima. Aliitikia, lakini wateja wake waliona kwamba mtu akimwita kwa jina la zamani aliitikia haraka zaidi.

Likizo Kidoti alikuja. Alishuka kwenye basi na shangazi, amerefuka, amevaa soksi. Barabarani walikutana na watu wengi wa kusalimia, basi mtoto akatangulia peke yake hadi nyumbani. Mama yake alikuwa ndani akitandika kitanda kwa mara ya pili. Akasikia mlangoni, kwa adabu nzuri ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Hodi."

Alisimama na shuka mkononi. Kinywa kilitaka kuitikia "Karibu", kama mtu yeyote angeitikia, na akakizuia. Mtoto hapigi hodi kwao, na wala hakaribishwi. Alitoka mbio, akamkuta amesimama kizingitini, viatu amevua na kuvipanga sambamba.

Siku zile zilikuwa na mambo madogo mengi ya namna hiyo. Kidoti alikuwa na nywele zilizosukwa na mtu mwingine, msuko wa mjini, mzuri, na mama alipotaka kuufumua amsuke upya, mtoto alisema kwa upole kwamba shangazi ameulipia, ungekaa kwanza. Akamkubalia. Alimpaka mafuta tu kwenye mistari, akikanyaga kwa vidole njia zilizochorwa na mwingine. Mtoto aliomba maji ya kunywa akiwa amesimama karibu na mtungi. Alimweleza baba yake habari za shule, na baba akamweleza springi zinavyofungwa, wakaonekana kufurahiana. Shangazi alikuwa amesema kabla hajaondoka: daraja sasa lipo, shule ipo, uamuzi ni wenu na wa mtoto mwenyewe, muulizeni. Mimi sitakasirika.

Muulizeni. Mama Kidoti alikuwa ameuliza mbele ya mtaa, ameuliza mbele ya halmashauri nzima imekaa. Sasa aliamka asubuhi na swali limemjaa mdomoni, akamtazama mtoto akinywa chai kwa utulivu kama mgeni mwenye haya, akalimeza. Kwa maana mtoto huyu alikuwa mkweli. Akiulizwa atajibu.

Siku moja kabla likizo haijaisha kulikuwa na mkutano wa mtaa. Siku hizi mikutano ilifanyika kwa wakati wake, na watu walikuja, si wote, lakini wa kutosha kumtesa mwenyekiti. Kidoti aliomba aende na mama yake. Walikaa kwenye benchi la pembeni. Waliongea kuhusu mtaro wa maji machafu, kwa nini mkandarasi ameacha mashimo, na baba yake Kidoti alijibu anachokijua na kwa asichokijua akasema hakijui, akaulizwa atakijua lini, akajifuta jasho. Mtoto alisikiliza kwa makini mwanzoni. Halafu jua, na sauti za wakubwa, na joto la ubavu wa mama yake vilimshinda. Kichwa kiliinama, kikatafuta, kikadondoka mapajani mwa mama, kikalala pale kwa uzito wake wote.

Mama Kidoti hakusogea. Mkutano ulifungwa, watu wakainuka na stuli zao, wakamuaga kwa ishara walipoona mtoto amelala. Karani alikunja kitambaa cha meza. Mwenyekiti alibeba meza, akarudi kuchukua viti, akaja hatimaye kwenye benchi lile, la mwisho, akasimama mbele yao. Badala ya kulichukua, akakaa.

"Umemuuliza?" alisema kwa sauti ya chini.

"Bado."

Alitazama kile kidoti shavuni, kilichoegemea paja la mkewe.

"Tumuulize wote wawili."

"Akiamka," alisema Mama Kidoti, na akauweka mkono wake juu ya sikio la mtoto, kidogo tu, kelele za watu wanaorudi makwao zisije zikamwamsha upesi.